Tiara ya Mita Ngapi? Mwongozo kwa Mtu wa Nairobi Anayeanza

Kila anayerudi Nairobi kutoka Diani akiwa na video ya watu wanaoruka juu ya maji kwa ubao, wakivutwa na tiara kubwa huniuliza swali moja: "Nianze na saizi gani?" Nikimjibu "inategemea" ananuna. Basi nijibu kwa kirefu, nikianzia hapa mjini, karibu kilomita 480 kutoka maji ya chumvi, kwa sababu nusu ya uamuzi huu hufanyika kabla hujapanda treni pale Syokimau.

Vijana wa Pwani wanaiita kaiti. Mimi nitasema tiara, jina tulilolitumia utotoni tukizitengeneza kwa njiti na karatasi za nailoni. Tofauti ni kwamba ile ya utotoni ukiachia uzi inapotea yenyewe. Hii ukishindwa kuachia, unapotea nayo.

Hatua ya kwanza: panda mizani

Usikadirie. Kilo ulizokuwa nazo ulipomaliza chuo si kilo zako za leo, na Desemba ya nyama choma huongeza zake. Pale mjini kuna watu wenye mizani kando ya barabara. Toa sarafu zako, simama, andika namba.

Kisha kuna hesabu ya kuanzia ambayo wachezaji wengi huitumia kwa ubao wa kawaida: zidisha kilo zako kwa 2.2, halafu gawanya kwa kasi ya upepo kwa noti. Jibu ni ukubwa wa tiara kwa mita za mraba. (Noti hizi ni kipimo cha mabaharia, si zile za mfukoni, ingawa zile za mfukoni nazo zitakuhusu sana.)

Mtu wa kilo 75 kwenye upepo wa noti 18 anapata 9.2, yaani tiara ya mita 9. Wa kilo 58 kwenye upepo huohuo anapata mita 7. Wa kilo 92 anapata mita 11. Hawa watatu wakifika ufuoni pamoja na kukodi tiara tatu za saizi moja "ili tufanane", wawili kati yao wamekosea kabla ya kugusa maji.

Hii ni hesabu ya kuanzia tu. Miundo ya tiara inatofautiana, ubao mkubwa unaelea kwa nguvu ndogo, na wewe bado hujui kukanyaga ubao ukauzuia. Kwa anayeanza, jibu likiangukia katikati ya saizi mbili, chukua ndogo na uombe ubao mkubwa. Ubao wa sentimita 140 na zaidi utakusamehe mengi ambayo tiara ya mita 12 haitakusamehe.

Hatua ya pili: angalia namba mbili, si moja

Hapa ndipo watu wa bara tunaumia, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Fungua Windy au Windguru, programu za utabiri wa upepo, kwenye simu. Utaona kasi ya wastani, na karibu yake kasi ya mivumo ya ghafla. Kwanza hakikisha kipimo ni noti. Simu nyingi huonyesha kilomita kwa saa, na noti 1 ni kilomita 1.85 kwa saa, kwa hiyo upepo wa noti 18 utausoma kama 33. Nimemwona mtu akiingiza 33 kwenye ile hesabu akapata tiara ya mita 5, akaja kulalamika kwamba haipai.

Sasa tuseme wastani ni noti 18 na mivumo ni 25. Macho yanakwambia tofauti ni noti 7 tu, si neno. Lakini nguvu ya upepo haipandi kwa kujumlisha, inapanda kwa mraba. Upepo ukiongezeka mara mbili, mvuto unakuwa mara nne. Kutoka 18 hadi 25 mvuto unakaribia kuongezeka maradufu, na unaongezeka kwa sekunde mbili au tatu, bila kukupigia hodi.

Kwa hiyo piga hesabu mara mbili, moja kwa wastani, nyingine kwa mivumo. Mtu wa kilo 75 akiona 16 na 20, anapata mita 10 na mita 8. Achukue 9, siku ni nzuri. Akiona 16 na 28, anapata mita 10 na mita 6, na hakuna tiara moja inayoweza kuwa zote mbili. Siku hiyo ni ya kula viazi karai na kuangalia wenzake. Upepo wa kujifunzia ni kati ya noti 12 na 18 hivi, uliotulia, unaovuma kama feni.

Jambo jingine ambalo sijasikia likitajwa sana: Nairobi iko juu, karibu mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, na hewa yetu ni nyepesi. Upepo wa kasi ileile huvuta kwa nguvu zaidi Pwani kuliko hapa, kwa asilimia kati ya 15 na 20. Kwa hiyo ukizoea tiara ya mazoezi kwenye vilima vya Ngong, ambako hewa ni nyepesi zaidi, usishuke Diani ukidhani mikono yako imeshajua uzito wa upepo.

Hatua ya tatu: fanya mazoezi hapa hapa mjini

Kabla ya kulipia mwalimu, tafuta tiara ndogo ya mazoezi ya mita 2 au 3, ile isiyo na mirija ya kujazwa pampu. Inafunza mikono kwa bei nafuu kuliko saa moja ya baharini.

Mahali: uwanja wazi wa nyasi, bila miti, bila nyaya za stima, bila watoto wa shule wanaocheza kandanda upande ambao upepo unaelekea. Kaa mbali na maeneo ambayo ndege za Wilson zinapita chini. Ngong upepo upo kweli, ndiyo maana mitambo ya umeme wa upepo imesimikwa pale, lakini ukingoni mwa kilima hewa inapinduka na kujikunja. Ukienda, kaa kwenye tambarare mbali na mteremko, na uende na mwenzako.

Unachojifunza ni dirisha la upepo, yaani eneo la anga ambamo tiara inaweza kuruka. Simama ukiupa upepo mgongo, fikiria uso wa saa mkubwa mbele yako. Walimu wengi Pwani watakutajia saa kwa Kiingereza, na hapo Mswahili anachanganyikiwa, maana kumi na mbili yao ni sita yetu. Mimi natumia saa yetu. Saa sita ni juu kabisa ya kichwa chako. Saa tatu ni pembeni kushoto, karibu na ardhi. Saa tisa ni pembeni kulia. Kwenye pembe hizo na juu kabisa tiara ina nguvu kidogo. Katikati, mbele ya kifua chako, ndipo penye nguvu zote, na ukiipitisha hapo kwa haraka itakuvuta kama gari lililokatika breki.

Zoezi: itulize saa sita kwa dakika moja. Ishushe saa nne, irudishe. Ishushe saa nane, irudishe. Kisha fanya hivyohivyo bila kuitazama, ukiongea na mwenzako habari za kodi ya nyumba. Ukiweza hivyo kwa dakika kumi, umeokoa pesa.

Utagundua pia kwamba tiara ndogo hugeuka haraka kuliko kubwa. Kwa hiyo ndogo si "salama" kwa kila hali. Mita 6 kwenye upepo mkali, mikononi mwa mtu anayevuta kwa pupa, huzunguka mara mbili kabla hajajua kilichotokea. Na ikiwa ndogo kuliko upepo inavyotaka, huanguka majini kila mara, kamba hulegea, na unatumia asubuhi nzima kuiinua.

Hatua ya nne: chagua msimu, kisha tikiti

Sisi hufanya kinyume. Likizo imepatikana, tikiti imekatwa, halafu tunauliza upepo.

Kaskazi huvuma takriban kuanzia katikati ya Desemba hadi Machi. Kusi hushika zaidi kati ya Juni na Septemba. Katikati ya misimu hiyo upepo hubabaika, na wakati wa masika, Aprili na Mei, wingu moja jeusi linaweza kukuletea upepo maradufu kwa dakika chache. Ukiliona linakuja, shusha tiara kwanza, maswali baadaye.

Pale Diani ukisimama ufuoni ukitazama bahari, kaskazi inakuja kutoka kushoto na kusi kutoka kulia, zote zikiwa na mwelekeo wa kukurudisha ufuoni kidogo. Hiyo ndiyo neema ya mahali. Upepo unaotoka nchi kavu kwenda baharini usiuguse hata kama ni noti 15 tamu, kwa sababu kosa lako la kwanza litakupeleka Bahari Hindi.

Uliza pia maji. Wakati wa bamvua, mwezi ukiwa mpevu au mwandamo, maji yetu hupanda na kushuka zaidi ya mita 3. Yakipwa sana, matumbawe na wale wadudu wa miiba myeusi wanakuwa karibu na magoti. Yakijaa sana, ufuo wa kurushia tiara unabaki kipande chembamba kati ya wimbi na ukuta wa hoteli. Mwalimu mzuri hupanga saa zako kwa maji, na huanza kukuuliza kilo zako kabla ya kukuuliza pesa. Weka bajeti ya saa 9 hadi 12 za mafunzo. Atakayekwambia utateleza kwa saa mbili anakuuzia.

Na vifaa vya mitumba: kuna wakati mgeni anahama Nairobi na kuuza seti nzima kwa bei ya kutupa. Tazama mwaka. Tiara nyingi za kabla ya 2005 au 2006 hivi hazikuwa na uwezo wa kupoteza karibu nguvu zote ukisukuma upau, ile fimbo unayoishika, mbali nawe. Uwezo huo ulienea miundo mipya ilipoingia sokoni. Kwa anayeanza, ya zamani hata ya bure ni ghali.

Hatua ya tano: amua upya ukifika ufuoni

Nikueleze kosa langu. Ilikuwa Januari, nina Jumamosi na Jumapili tu, treni ya kurudi Jumapili. Wakati huo nilikuwa na kilo 82. Saa sita mchana upepo ulikuwa noti 14, nikafunga tiara ya mita 12, na hesabu inakubali kabisa. Nikala, nikapiga soga, nikapumzika kivulini. Kufikia saa tisa kaskazi ilikuwa imechangamka hadi noti 21 hivi. Hesabu ya saa hiyo inasema mita 8 na nusu. Lakini tiara yangu ilikuwa tayari imejazwa hewa, kamba zimenyooshwa, na akilini nilikuwa nahesabu nauli.

Kulikuwa na mzee mmoja akirekebisha nyavu karibu na ngalawa yake. Nilimwamkia, "Shikamoo mzee." Akaitika, "Marahaba mwanangu," akatazama juu kwenye minazi, akatazama tiara yangu, akasema, "Hilo tanga lako ni la asubuhi." Nikacheka, nikaenda kulirusha.

Nitakwambia kilichofuata katika hatua ijayo. Kwanza orodha ya kufanya ukifika. Tazama bahari: mawimbi yakianza kutoa povu jeupe kila mahali, upepo umeshapita noti 11 au 12. Tazama minazi. Tazama waliomo majini na uwaulize wakitoka: "Kaka, una kilo ngapi na umefunga ngapi?" Ikiwa mtu wa kilo zako mwenye uzoefu yuko na mita 9, wewe hupaswi kuwa na 12, wewe ni wa 8 au wa kusubiri. Na kama umekaa zaidi ya nusu saa tangu ufunge, anza kuuliza upya. Kubadilisha tiara huchukua dakika kumi na tano. Nina kovu la goti lililochukua miezi miwili.

Hatua ya sita: jifunze kuachia kabla ya kujifunza kwenda

Upau unaoushika una kazi mbili. Ukivuta mkono mmoja tiara inageuka. Ukivuta upau wote kuja kifuani, kamba za nyuma zinakaza na tiara inashika upepo zaidi. Ukiusukuma mbali, kamba za nyuma zinalegea na nguvu inapungua. Uzito wako hubebwa na mshipi wa kiunoni, si na mikono.

Soma tena hapo. Kuvuta ni kuongeza gesi.

Sasa, sisi wa Nairobi tumefunzwa na matatu. Dereva akifunga breki ghafla, unashika chuma cha juu kwa nguvu zako zote, na hilo limekuokoa mara mia. Baharini silika hiyohiyo inakuangamiza. Siku ile tiara iliponivuta hatua ya kwanza, nilishika. Iliponivuta ya pili, nilishika zaidi, na upau ukaja kifuani. Nikaburutwa mchangani kuelekea ukuta wa mawe, nikipita mbele ya ngamia wa watalii aliyenitazama kwa dharau, huku mwalimu akipiga kelele, "Achia! Achia!" Nilimsikia vizuri sana. Mikono ndiyo haikumsikia. Mwishowe aliikimbilia tiara yenyewe akaishika ncha.

Kwa hiyo fanya mazoezi haya ukiwa umesimama mchangani, bila tiara angani, upau umefungwa kwenye mti au umeshikwa na mwenzako:

1. Achia upau kwa mikono yote miwili. Kwa tiara za kisasa hili peke yake huondoa sehemu kubwa ya nguvu.
2. Bado inavuta? Sukuma kifyatulio kilicho mbele ya kitovu chako. Tiara inabaki kwenye kamba moja tu, ile ya usalama, inapeperuka kama nguo iliyoanikwa.
3. Bado unaburutwa, au imenasa kwenye tiara ya mwingine? Fyatua kamba ya usalama pia. Tiara inaenda zake. Ni pesa, lakini pesa hutafutwa.

Rudia mara ishirini, macho yakiwa yamefumbwa, mkono wa kulia kisha wa kushoto. Kila chapa ina kifyatulio chake. Ukikodi vifaa vipya, rudia hata kama jana ulikuwa bingwa.

Hatua ya saba: kurusha, kukaa, kushusha

Mabaharia wetu wana maneno mawili yatakayokufaa: joshi ni upande upepo unakotoka, demani ni upande unakoelekea. Kabla ya kurusha, tazama demani. Unataka angalau mita 50 za wazi, yaani urefu wa kamba zako mara mbili, bila mtu, mnazi, mtumbwi wala ukuta.

Kagua kamba moja moja kutoka upau hadi tiara. Kamba za nyuma zikibadilishana nafasi, tiara itapaa na kuzunguka yenyewe. Umpe msaidizi anayejua kazi ashike tiara pembeni mwa dirisha, saa tatu au saa tisa, kamwe si demani moja kwa moja. Dole gumba juu maana yake rusha. Kupiga kichwa kwa kiganja maana yake nataka kushuka. Usirushe bila kukubaliana ishara hizo, na usikubali msaada wa mtu aliyetokea tu kwa ukarimu. Ukarimu wake ni mzuri lakini hajui upande wa kushika.

Ikipaa, ingia majini mara moja. Usisimame mchangani na tiara saa sita ukipiga picha, kwa maana mvumo mmoja unaweza kukuinua, na mchanga ni mgumu kuliko unavyoonekana.

Majini, saizi itajieleza yenyewe. Ikiwa upau umeusukuma hadi mwisho na bado unakimbizwa, na huwezi kukandamiza ubao upande wa joshi ukapunguza mwendo, tiara ni kubwa. Rudi sasa, si baada ya mzunguko mmoja zaidi. Ikiwa unaizungusha juu na chini bila kupumzika ili tu usizame, ni ndogo. Hiyo mara nyingi ni aibu kuliko hatari.

Ubao ukikuponyoka, kumbuka wewe unavutwa na tiara, ubao hauvutwi, kwa hiyo utakuwa joshi yako. Usiogelee. Nyoosha mkono mmoja majini kama mkuki, tiara ikiwa chini pembeni, ujiburute ukipiga bisho (kwenda mshazari kuukabili upepo) kama jahazi hadi uufikie. Na upepo ukikaribia kufa, fyatua, viringisha kamba kwenye upau hadi uifikie tiara, uikumbatie. Imejaa hewa, inaelea, na upepo mdogo uliobaki utakusukuma ufuoni polepole. Usiiache tiara ukajaribu kuogelea peke yako.

Toka majini ukiwa bado na nguvu. Kushusha kunahitaji akili kuliko kurusha, na makosa mengi niliyoyaona ni ya saa kumi na moja jioni, mtu amechoka, anataka soda. Ikishashuka, ilaze kifudifudi, mbele yake ikielekea joshi, na uiwekee mchanga juu.

Ukirudi nyumbani

Suuza kila kitu kwa maji baridi ya bomba. Majirani wa ghorofa ya chini watalalamika kuhusu mchanga kwenye mfereji, waombe radhi. Ubao na tiara vinaweza kukauka kwenye roshani, nje ya jua kali.

Ila kifyatulio kisuuze chenyewe, mara mbili, ukikisukuma na kukirudisha chini ya maji yanayotiririka. Punje chache za mchanga na chumvi iliyoganda zinatosha kukifanya kigumu. Kiweke mahali utakapokiona, na usiku wa kuamkia safari, kabla ya kufunga begi, kifyatue tena sebuleni.